Beki wa Chumba cha Juu

Oktoba 4, 1987. Jumapili

Kuna jambo ambalo sijamwambia mtu yeyote, hata Amma, bibi yangu, ambaye huniambia kila kitu. Ile barua iliyotoka gazetini wiki tatu zilizopita, iliyomfanya mwenyekiti wa klabu, Bwana Einar Thorlak, apige meza mkahawani hadi kahawa ikamwagika, niliiandika mimi. Niliipiga kwa taipureta ya shule saa ya chakula, ili mwandiko wangu usijulikane. Chini nikaandika: Mpenda Hesabu.

Barua ilisema kwamba klabu yetu ya Bundi isimlipe Lorne Tessier dola elfu kumi na tano. Ana miaka thelathini na minane. Ni kweli alicheza hoki ya barafu katika ligi kubwa misimu kumi na moja, na sasa ni mchezaji huru, lakini yuko huru kwa sababu hakuna aliyemtaka. Wachezaji wetu wengine hupewa mafuta ya gari na kazi ya msimu kwenye ghala la samaki. Fedha hizo watu wa mji wetu wa Nesvik walizichanga kwa ajili ya mashine mpya ya kugandisha uwanja, maana iliyopo inakohoa tangu sijazaliwa. Niliweka na jedwali. Beki, niliandika, ni kama jino: likishaanza kucheza, halikazi tena.

Kamati ilimsajili hata hivyo, kwa msimu mmoja.

Leo baada ya kanisa Mama alileta habari mezani. Hapa kwetu kila nyumba yenye kitanda cha ziada hupokea mchezaji mmoja msimu mzima. Kwa kawaida ni kijana wa miaka kumi na tisa anayemaliza maziwa na kulia kwa siri Krismasi.

"Mwaka huu tumepewa mtu mzima," Mama akasema. "Tessier."

Niliangusha uma. Amma akasema uma ukianguka mgeni yuko njiani. Nikasema najua.

Oktoba 6

Amefika. Mabegi mawili na mto wake mwenyewe wa kulalia. Alipoinama kupita mlangoni nilidhani nyumba ndiyo iliyoinama.

"Shikamoo, mama," akamwambia Amma.

"Marahaba. Vua viatu."

Akavua. Soksi moja ina tundu. Alipopanda ngazi kwenda chumba cha juu nilizihesabu hatua zake. Ngazi zetu ni kumi na tatu, na alipumzika kwenye ya nane.

Jioni Mama alinikumbusha sheria ambayo kila nyumba inayolaza wachezaji huifuata. "Ya humu hayatoki mlangoni, Signy. Anachokula, anapoumwa, anayempigia simu. Sisi si gazeti."

Nilitazama sakafu.

Oktoba 12

Theluji ya kwanza. Haikukaa.

Oktoba 25

Kila baada ya mazoezi yeye huketi jikoni, goti la kulia juu ya kiti, na juu ya goti mfuko wa njegere zilizogandishwa. Mama ameandika juu ya mfuko kwa wino mzito: LORNE, MSILE.

Novemba 7. Jumamosi

Mechi ya kwanza nyumbani, dhidi ya Lundby. Nilikaa mahali pangu, safu ya juu karibu na bomba la joto, na daftari langu. Huwa nahesabu kila kitu: nani amepiga, nani amepoteza, nani alikuwa kwenye barafu goli lilipoingia.

Mashabiki wa Lundby walikuja na mabasi mawili. "Babu! Rudi nyumbani, uji unapoa!" Mwingine akadakia, "Mwacheni, anasubiri pensheni hapo kwenye mstari!" Watu wetu walicheka pia, kwa kuficha midomo ndani ya skafu.

Tulifungwa tano kwa mbili. Alikuwa kwenye barafu kwa magoli matatu kati ya hayo. Niliandika namba hizo kwa furaha ya mtu aliyesema kabla. Furaha ilidumu hadi kwenye maegesho, nilipomwona amekaa ndani ya gari lake, taa zimezimwa, mikono juu ya usukani, theluji ikimfunika taratibu kioo kwa kioo mpaka akatoweka.

Novemba 8

Asubuhi alinikuta na uji na daftari.

"Kumbe wewe ndiye karani," akasema. "Lete nione."

Nikampa. Alisoma polepole, kidole kikifuata mistari.

"Hapa umeandika nimepitwa mara nne."

"Ndiyo."

"Tano. Ya tano ulikuwa unafanya nini, unapiga chafya?"

"Nilikuwa nachonga penseli."

Akacheka. Kisha akatoa pochi, na ndani ya pochi karatasi ya gazeti iliyokunjwa mara nne. Barua yangu. Aliikunjua juu ya meza kati ya siagi na chumvi.

"Huyu Mpenda Hesabu ana akili. Unamfahamu?"

"Hapana."

"Ukikutana naye mwambie jino langu liko mahali pake." Akafungua kinywa. Meno manne ya mbele hayapo.

Mama alicheka mpaka akashika jiko. Mimi nilisema nachelewa kanisani, ingawa ilikuwa saa moja na nusu na ibada ni saa tano.

Novemba 29

Ziwa limeanza kufunga. Asubuhi lilikuwa jeusi, mchana likawa na ngozi ya kijivu, na jua liliposhuka lilianza kutoa ile sauti yake, kama mtu mkubwa anayegeuka kitandani. Lorne alisimama nami dirishani.

"Kwetu kulikuwa na mto tu," akasema. "Mto hausemi hivi."

Tukasikiliza, bila kusema chochote, na haikuwa vibaya. Kwa kawaida kimya na watu wengine hunikaba.

Desemba 5

Tumefungwa.

Desemba 12

Tumeshinda. Sijui kwa nini.

Desemba 13

Nilimwuliza kwa nini. Nilijifanya naandika insha ya shule.

"Karani, wewe unakitazama kisahani," akasema. Kisahani ni kile cha mpira mweusi kinachogombaniwa. "Kila mtu anakitazama, ndiyo maana kinawadanganya. Tazama kinapotaka kwenda. Halafu uone kama kuna mtu amekaa hapo."

"Na kama yupo?"

"Basi hakiendi. Na wewe unabaki na penseli yako, huna cha kuandika."

Nimechora safu mpya kwenye daftari. Nimeiita Mambo Ambayo Hayakutokea.

Desemba 21

Leo ni mchana mfupi kuliko yote. Ninapotoka shule jua limelala juu ya ziwa kama mtu aliyechoka kusubiri. Baba alipiga simu kutoka migodini kaskazini, hatakuja Krismasi. Lorne alioka keki ya tabaka saba na Amma, ile ya plamu. Amma alimpiga mkono kwa mwiko mara mbili. "Beki gani huyu, hawezi kusukuma unga!"

Januari 1, 1988

Nyuzi thelathini na saba chini ya sifuri. Pumzi inaganda inapotoka.

Januari 16. Jumamosi

Safu yangu mpya inajaa kuliko ya zamani. Washambuliaji wa Lundby hawapiti tena upande wa kulia. Wanakuja mpaka kwenye mstari wa buluu, unaoanza eneo letu, wanamwona amesimama, na wanageuka kama watu waliokumbuka kwamba wameacha kitu nyumbani. Anacheza na Wade Sigfusson, ambaye ana miaka ishirini na mwaka jana alikuwa anakimbia kama ndama aliyefunguliwa. Lorne hugonga fimbo kwenye barafu mara mbili, na Wade anarudi. Nimehesabu: Novemba aligonga mara thelathini kwa mechi. Leo mara nne. Wade anarudi mwenyewe.

Hakuna jedwali katika barua yangu lililokuwa na nafasi ya kitu hicho.

Januari 30

Anashuka ngazi kwa makalio asubuhi, ngazi moja moja, kama mtoto. Anadhani tumelala. Mimi niko jikoni gizani na kitabu, nasikia mbao zikilia mara kumi na tatu, kisha anasimama, anapanga uso, anaingia na kusema, "Karani! Dunia bado ipo?"

Ya humu hayatoki mlangoni.

Februari 20. Jumamosi

Nitajaribu kuiandika yote, ingawa tayari inaonekana kama kitu nilichoota.

Kwa siku tatu upepo wa kusini umekuwa ukivuma na theluji ya mapaa inatiririka. Mashine ya uwanjani ilikohoa mchana kutwa. Jioni ya mechi, dhidi ya Lundby tena, barafu ilikuwa na maji juu yake kama jasho, na kutoka kwenye maji hayo ukungu ukaanza kuinuka. Kipindi cha kwanza ulifika kwenye vifundo vya miguu. Cha pili ulifika kiunoni. Wachezaji walikuwa wanaelea, nusu watu. Kipa wetu alitoweka kabisa, ikabaki sauti yake ikiuliza, "Kiko wapi? Jamani, kiko wapi?"

Refa alipuliza filimbi, akaamuru timu zote mbili zizunguke uwanja ili kutawanya ukungu. Wakazunguka, Bundi na Lundby pamoja, taratibu, bila kisahani. Mama na wanawake wa kantini walileta mashuka kutoka nyumba za jirani, na wachezaji wakayashika kwa pembe, wawili wawili, wakiyapunga. Watu mia nane walinyamaza. Nilisikia tu makali ya viatu na mashuka yakipiga hewa. Wade na beki mmoja wa Lundby, ambao mwezi uliopita walipigana ngumi, walipita wakiwa wameshika shuka moja lenye maua. Nilitamani hilo tu liendelee mpaka masika.

Ukungu ulirudi kila baada ya dakika mbili. Mechi ikaendelea hivyo hivyo, tatu kwa tatu, kipindi cha tatu. Na hapo ndipo nilipomwona Lorne vizuri kuliko siku zote, kwa sababu hakuna mwingine niliyeweza kumwona. Wengine walikuwa wanakimbia huku na huko wakitafuta. Yeye alikuwa amesimama. Anateleza hatua mbili kushoto, ananyoosha fimbo kwenye ukungu mweupe, na kisahani kinakuja kugonga fimbo yake kana kwamba kiliitwa. Mara moja. Mara nne. Mara saba. Hakuwa anakiona. Hakuna aliyekuwa anakiona. Alikuwa anajua kinapotaka kwenda.

Dakika ya mwisho alikinasa hivyo hivyo, akagonga fimbo mara mbili, na kutoka mahali fulani ndani ya weupe Wade akajibu, tap tap. Lorne akakisukuma kuelekea sauti. Tulisikia chuma cha goli kikilia. Ilichukua muda kabla taa nyekundu ya goli haijatoboa ukungu, na hata hapo watu walisubiri, hawakuamini.

Kisha paa lilitaka kung'oka. Bwana Einar alikuwa analia waziwazi. Wale waliocheka ndani ya skafu Novemba waliimba jina la Lorne.

Niliandika ukurasa mzima wa Mambo Ambayo Hayakutokea. Wino umesambaa kwa unyevu.

Februari 21

Goti lake limekuwa kama kabichi. Mfuko wa njegere ulipasuka, zikatapakaa sakafuni, na Amma akaziokota moja moja.

Tulipobaki wawili nilimwuliza daktari anasemaje.

"Alishasema tangu Novemba. Hakuna tena cha kukinga. Mfupa unasaga mfupa." Alikuwa anatazama ziwa. "Naweza kumaliza msimu huu. Baada ya hapo, karani, itabidi nikae ndani ya ukungu kila mechi."

Machi 5. Jumamosi

Bwana Einar alikuja kunywa kahawa. Alikula vipande vitatu vya keki kabla ya kulisema.

"Lorne, ndugu yangu. Mkutano wa wanachama ni tarehe ishirini. Napeleka pendekezo: miaka miwili, elfu kumi na tano kila mwaka."

Mama aliweka birika chini. "Einar, hiyo si hela ya mashine?"

"Mashine imezibwa pale inapovuja, itavumilia."

"Ilivumilia wapi, na watu walikuwa wanapunga mashuka?"

"Ah, dada yangu, usiku ule! Nesvik haijawahi kuwa na usiku kama ule!" Macho yake yaling'aa. "Unaweka bei gani juu ya usiku kama ule?"

Ukungu ule uliletwa na mashine ya zamani, ambayo hatukuibadilisha ili tumpate Lorne, na sasa tunataka kumlipa Lorne kwa sababu ya ukungu. Nililiona jambo hilo zima, limekaa mezani kati ya vikombe. Nilimtazama Lorne. Nilingoja aseme habari ya goti.

"Ni heshima kubwa, mwenyekiti," akasema.

Machi 12

Tumetolewa kwenye mchujo. Lundby, goli moja. Alicheza kwa mguu mmoja na hakuna aliyejua isipokuwa sisi wa nyumba hii.

Machi 14

Silali vizuri. Kadi ya uanachama ya marehemu babu yangu, namba tisa, ilirithishwa kwangu nilipotimiza miaka kumi na sita. Mwenye kadi anapiga kura. Nikipiga ndiyo, barafu itayeyuka mwaka mmoja au miwili ijayo, na hakutakuwa na uwanja, wala wasichana wa darasa la nne wanaojifunza kuteleza Jumanne, wala Amma akitembea kuzunguka uwanja kwenye kijia cha juu na wenzake Alhamisi. Nikipiga hapana, nitakuwa nimemkata mtu anayeniuliza kila asubuhi kama dunia bado ipo. Na goti siwezi kulitaja. Lilionwa humu ndani.

Machi 19. Jumamosi

Alasiri tulikwenda kuvua kwenye kibanda chetu kilicho juu ya barafu ya ziwa, kabla sheria haijatulazimisha kukiondoa. Ndani ni giza, na shimo la barafu linatoa mwanga wa kijani kutoka chini, hivyo nyuso zetu zilikuwa zimemulikwa kutoka chini kama nyuso za watu wa hadithi. Ilikuwa rahisi kusema humo. Nadhani ndiyo sababu nilisubiri humo.

"Mpenda Hesabu ni mimi."

Alivuta uzi kidogo, akauacha.

"Nilijua tangu Novemba. Nilipoikunjua ile karatasi, midomo yako ilikuwa inasoma sehemu ambayo ilikuwa bado imekunjwa."

Nilitaka kuingia ndani ya shimo.

"Na kesho?" akauliza.

"Nina kadi ya babu. Nitapinga."

Ziwa liligeuka kitandani mwake, na maji kwenye shimo yakapanda na kushuka.

"Unafikiri mimi si kitu?"

"Hapana! Nina safu nzima. Nina kurasa arobaini. Wewe ndiye beki bora niliyewahi..." Nilitazama uzi wangu majini. "Lakini unashuka ngazi kwa makalio."

Hakujua kwamba najua hilo. Niliona likimwingia.

"Sijawahi kufanya kazi nyingine, Signy," akasema. Ilikuwa mara ya kwanza kuniita kwa jina. "Miaka ishirini. Sijui hata mtu anaombaje kazi. Miaka miwili ingenipa muda wa kujifunza."

"Ungeniambia niseme nini?"

"Kweli." Akakunja uzi. "Lakini usidhani nitaifurahia."

Hatukupata samaki.

Machi 20. Jumapili

Mkutano ulikuwa ukumbi wa kanisa, saa nane. Wachezaji hawaruhusiwi kuhudhuria, kwa hiyo Lorne alibaki nyumbani na Amma.

Bwana Einar alizungumza juu ya ule usiku. Watu walipiga makofi, wengine walifuta macho. Akauliza kama kuna mwenye neno. Mkono wangu ulinyanyuka, nikawa nautazama kana kwamba ni wa mtu mwingine.

"Binti wa Bardal?" akasema. "Unataka kwenda msalani?"

Wakacheka. Nilisimama. Nilikuwa nimeandika maneno lakini sikuona maandishi.

"Barua ya Septemba niliandika mimi," nikasema. "Nilikosea mambo mengi ndani yake. Niliandika kama mtu anayejua, na nilikuwa nimehesabu nusu. Lorne Tessier amezuia mara mia mbili na kumi na nne vitu ambavyo ninyi hamkuviona, kwa sababu havikutokea. Ninazo hapa, tarehe na dakika. Lakini ukungu ule, Bwana Einar, haukuwa wake. Ulikuwa wa mashine. Tulifurahi juu ya kitu kinachokufa. Mimi nampenda mchezaji huyu, na nitapinga."

"Unampenda halafu unamfukuza!" mtu akapiga kelele nyuma. "Kisha analala nyumbani kwenu!"

"Goti lake likoje, Signy?" akauliza mama yake Wade, kwa sauti ya chini.

Mama alikuwa ananitazama.

"Hilo mwulize mwenyewe," nikasema, nikakaa.

Kadi zilinyanyuliwa. Ndiyo, sitini na tatu. Hapana, sitini na sita. Mama alinyanyua yake kwa hapana, hakunitazama.

Nyumbani alikuwa amesimama karibu na dirisha.

"Imeshindwa," nikasema. "Kwa kura tatu."

"Ulisema habari ya goti?"

"Hapana."

Akaitikia kwa kichwa mara moja. Kisha akapanda ngazi. Alizipanda kwa miguu, zote kumi na tatu, bila kushika ukuta na bila kupumzika kwenye ya nane, na ninajua bei ya kila moja. Hakushuka kula. Amma alimpelekea sahani, akairudisha nusu.

Machi 21. Jumatatu

Nilikwenda shule. Watu wawili hawakunijibu salamu. Mmoja alinipa peremende.

Saa ya chakula nilipiga taipureta. Sikuandika hoja yoyote. Nilinakili safu ya Mambo Ambayo Hayakutokea, kuanzia Desemba hadi Machi, kila moja na tarehe na dakika yake, kurasa sita. Baada ya shule nilizipeleka gazetini. Bibi Hallson, mhariri, alivaa miwani akasoma ukurasa wa kwanza wote akiwa amesimama.

"Hii ndefu," akasema. "Itakula nafasi ya matangazo ya matrekta. Jina niweke lile lile?"

"Hapana. Weka Signy Bardal."

Aliniambia nimtajie herufi, ingawa alinijua tangu ubatizo. Nikamtajia.

Kisha nikapita dukani, nikanunua mfuko mmoja wa njegere zilizogandishwa, nikaazima kalamu nene ya mwenye duka na kuandika juu yake LORNE, MSILE. Nilipofika nyumbani alikuwa jikoni, mguu juu ya kiti, akitazama ziwa. Hakugeuka. Alinyoosha tu mkono nyuma, kiganja wazi. Nikaweka mfuko humo.